Kilichobisha Hodi Iyunga

Kiroba kilikuwa juu ya meza ya Anjela, kimefunguliwa mdomo, na Inspekta Paskalina Mdegela hakuhitaji kuambiwa kwamba mchele ule haukutoka Usangu. Alichota konzi moja, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Punje zilikuwa fupi, zimekatikakatika, na hazikunukia hata kidogo. Paskalina ni mtoto wa Kilolo, kwao wanalima mahindi na viazi. Lakini mtu aliyekulia Iringa akala wali wa sikukuu anaujua mchele wa Ubaruku hata akiwa amefumba macho.

"Kauleta nani?"

"Mama ntilie mmoja, anapika karibu na stendi," alisema Anjela, msimamizi wa duka la ushirika mjini Iringa. "Kanunua sokoni Jumatano, kapika jana, wateja wamesusa. Kaja kunitupia hapa mbele za watu. Kaniita mwizi, afande."

"Namba umeihakiki?"

"Hapo ndipo ninapochoka."

Anjela alichukua simu, akaandika namba iliyochapwa kwenye lebo, akatuma. Jibu lilirudi hapo hapo: *Mchele halisi wa Nyota ya Usangu. Asante kwa kutuunga mkono.*

Nyota ya Usangu ulikuwa ushirika wa wakulima wa mpunga wa Ubaruku, wilayani Mbarali. Ulikuwa na vituo vitatu: mashine ya kukoboa na ghala kule Ubaruku, ghala kubwa la Iyunga kando ya barabara kuu ya Mbeya, na duka hili la Iringa. Kila kiroba kilibandikwa lebo yenye namba yake. Namba zilitengenezwa Ubaruku na kuonekana kwenye kompyuta za vituo vyote, ili kila kituo kichape lebo zake. Mnunuzi akishatuma namba, namba hiyo imekufa. Tangu mvua zianze, mtu alikuwa anazichomoa namba mbichi kabla hazijachapwa na kuwapa wafanyabiashara wa mchele mbovu. Viroba vya bandia vikawa vinajibu "halisi," na viroba vya wakulima wenyewe, vikija nyuma, vinajibu "namba hii imekwisha kutumika." Waliovuja jasho ndio walioitwa matapeli.

Mtu mmoja alikuwa mahabusu kwa shauri hilo. Zabron, mtunza ghala wa Ubaruku, alikutwa na flashi kwenye mfuko wa koti lake. Aliyeigundua ni katibu wa ushirika, Obeid. Paskalina alimwagiza fundi wa kompyuta azifunge flashi zisifanye kazi kwenye mashine zote, na watu wakaona mambo yamekwisha.

"Namba hii imetengenezwa lini?" aliuliza.

Anjela aliigeuza skrini. "Jumanne alasiri."

Jumanne alasiri Zabron alikuwa ndani kwa zaidi ya juma, na flashi zilikuwa zimefungwa. Paskalina alitoka nje, akampigia simu mkuu wake wa upelelezi, Mbeya.

"Mkuu, Zabron siye."

"Au ana mwenzake. Jumatatu anapelekwa mahakamani, Paskalina. Kama una mtu mwingine, niletee mtu. Usiniletee mchele."

* * *

Duka la mzee Jayantilal, mitaa michache kutoka hapo, liliuza redio, taa za sola na vipuri vya simu. Nyuma ya rafu, kwenye chumba chenye meza ndefu, binti yake Riya ndiye aliyekuwa na ofisi yake. Kompyuta zote za ushirika alizisimika na kuzitunza yeye, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kuulizwa.

"Kamwene," alisema Riya, Kihehe chake kikiwa safi kuliko cha maafisa wengi wa mkoa.

"Kamwene. Ufunguo mkuu wa mashine zote uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Peke yako?"

"Msimamizi wa kila kituo ana ruhusa ya kutoa amri kubwa kwenye mashine za kituo chake tu, printa ikigoma asinisubiri mimi. Anjela hapa, Clement Iyunga, Zabron Ubaruku. Wa zote ni mimi."

"Basi wewe ndiye mtu wangu wa kwanza."

Riya hakuinamisha macho. Aliisukuma laptop upande wa pili wa meza. "Kagua kila nilichofanya tangu siku ya kwanza. Zile mashine nimezijenga kwa mikono yangu, dada. Kama zina tundu, nataka kulijua kabla yako."

Paskalina alilipenda jibu hilo, akavuta kiti.

"Nilikwambia ufunge flashi. Ulifunga?"

"Nilifunga."

"Mbona namba zinatoka?"

"Kwa sababu ulisema flashi." Riya aligeuza kiti chake wakatazamana. "Kompyuta ina kiini chake, sisi tunakiita kerneli. Kiini chenyewe hakijui kila kifaa cha duniani. Kimewekewa vipande vidogo vya kusaidia, moduli, kila kimoja na kazi yake. Ukichomeka flashi, kiini kinaita moduli ya flashi. Ukichomeka simu, kinaita ya simu. Kamera ina yake, wifi ina yake. Na hawamwombi mtu ruhusa. Kifaa kikija, moduli inaamka, kazi inaanza. Mimi nimefunga moja."

"Ziko ngapi?"

"Mamia."

"Na kuchapa lebo za mchele kunahitaji zipi?"

Riya alihesabu kwa vidole. "Diski. Skrini. Kibodi na kipanya. Waya wa mtandao. Printa."

"Basi. Zisizohusika na mchele zifungwe. Mashine zote, vituo vyote, leo."

Hapo Riya akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Afande, nilisubiri mtu aniambie hivyo tangu mwaka juzi. Katibu Obeid alikataa. Akasema nitawasumbua wafanyakazi."

Alianza na kompyuta moja iliyokuwa pale mezani, mfano wa zile za vituoni. Kwa kila moduli aliandika mistari miwili, na Paskalina akataka kujua kwa nini isiwe mmoja.

"Mstari wa kwanza unakiambia kiini kisiiite moduli hii chenyewe. Wengi wanaishia hapo. Lakini moduli nyingine inaweza kuiita, au mtu akaiita kwa jina. Mstari wa pili unasema: yeyote atakayeiita, apewe patupu."

Kisha akatengeneza upya faili la kuwashia mashine, maana bila hivyo, alisema, ikiwashwa inaweza kuziamsha zilezile kabla hata haijasoma amri zake. Akazima, akawasha. Kibodi ilifanya kazi. Lebo ya majaribio ilitoka kwenye printa. Akachomeka flashi, simu, kamera. Mashine ikakaa kimya kama haioni. Ndipo alipotuma maagizo yale kwa kompyuta zote za ushirika kupitia mtandao wao wenyewe. Aliziwasha upya kwa zamu ili kazi isisimame, kisha akaiuliza kila moja: moduli zipi ziko macho?

Majibu yalishuka kwenye skrini. Ubaruku, safi. Iringa, safi. Iyunga, safi. Riya akaongeza jambo moja zaidi. Kumbukumbu za kila mashine, zile ambazo kompyuta inajiandikia yenyewe, ziwe zinatumwa kwake papo hapo, mtu asipate nafasi ya kuzifuta.

"Za zamani vipi?"

"Za Ubaruku na Iringa zipo. Za Iyunga zimefutwa."

Mama yake, Kokila, alikuwa ameingia na chai ya maziwa na kachori. Alisimama akitazama maandishi yanavyoshuka, asielewe neno, kisha akarudi dukani. Wakamsikia akimwambia mteja kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Subiri kidogo, baba. Mwanangu anafunga kompyuta za Mbeya, kakaa hapa hapa."

Chai haijaisha, simu ya Riya ikaita. Alikuwa Anjela, amekasirika.

"Mmeifanya nini mashine yangu? Haioni simu yangu!"

Paskalina aliichukua simu. "Anjela, simu yako ilikuwa inafanya nini kwenye kompyuta ya ushirika?"

"Njoo dukani, afande," alisema Anjela.

Paskalina na Riya walienda duka la ushirika kwa miguu, na Paskalina hakuketi.

"Nieleze."

"Mtandao ukikatika natumia bando langu," alisema Anjela. "Nachomeka simu, kazi inaendelea. Wateja wananisubiri pale, nifanyeje?"

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Simu inayopeleka intaneti inaweza kutoa namba nje. Unalijua hilo?"

Anjela alikaa polepole. "Afande, hata namba zinavyokaa humo ndani mimi sizijui. Najua kuchapa."

Hadithi ilikaa vizuri mno. Msimamizi mwenye ruhusa ya amri kubwa, simu yake mwenyewe, waya wake mwenyewe. Paskalina alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia achukue mkoba wake waende kituoni, Riya akanyanyua mkono.

"Ngoja. Kwa mujibu wa kumbukumbu, kompyuta hii haikuwashwa kabisa Jumanne na Jumatano."

"Nguzo ya umeme ilianguka kwa mvua," Anjela alisema. "Mtaa mzima tulikaa gizani. Waulize majirani."

Paskalina aliwauliza, duka baada ya duka, kinyozi mpaka fundi cherehani. Ilikuwa kweli. Namba ilizaliwa Jumanne alasiri, na Jumatano kiroba kikawa kimeshanunuliwa. Isingetoka kwenye mashine iliyozimwa. Alirudi, akampa Anjela mkono.

"Nisamehe, dada."

"Usiniombe msamaha, afande. Mkamate."

Nje, Paskalina alisimama karibu na Riya. "Huyu kafungiwa, kapiga kelele dakika ileile. Kumbukumbu zinaweza kunionyesha mtu aliyefungiwa akanyamaza?"

Riya alimtazama kidogo, kisha akaifungua laptop pale pale, juu ya boneti ya gari.

"Kiini kinaandika jina la mgeni kabla ya kutafuta wa kumpokea," alisema, akisoma. "Kwa hiyo hata moduli isipokuja, hodi imeandikwa. Ubaruku hakuna. Iringa ni simu ya Anjela. Iyunga…" Kidole chake kikasimama. "Kompyuta ya dirishani. Kuna kifaa kimechomekwa baada ya sisi kufunga. Kikachomolewa. Kikachomekwa tundu jingine. Tena. Kisha mtu akaiita moduli yake kwa mkono, kwa amri kubwa. Akapewa patupu. Akachomoa kifaa akaondoka nacho."

"Na hajapiga simu kulalamika."

"Hajapiga."

"Kifaa gani?"

"Cha wifi. Kadogo, kama ukucha wa kidole gumba. Ukikachomeka nyuma ya kompyuta hakuna anayekaona. Kanajiunga na simu ya mtu aliye nje, na huyo wa nje anavuta namba akiwa amekaa kwenye gari lake."

"Kwa hiyo hakuna flashi, hakuna wa kupekuliwa mlangoni. Amri imetolewa kwa jina la nani?"

Riya alisoma mstari wa mwisho. "La Clement."

* * *

Ghala la Iyunga linatazama barabara kuu, na kutwa nzima malori ya Zambia yanalipita yakivuma. Clement, msimamizi wake, alikuwa mtu mrefu, shati limenyooshwa, mizani yake imesuguliwa ikang'aa. Kesho yake alimpokea Paskalina kwa heshima na kumkaribisha kiti. Paskalina aliuliza akiwa amesimama.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Mizanini. Napokea mzigo wa Igurusi. Vibarua wote waliniona."

"Kuna amri imetolewa kwa jina lako kwenye kompyuta ya dirishani."

"Sijagusa kompyuta jana."

"Neno lako la siri nani analijua?"

Clement aliangalia sakafu. Mtu wa kujivunia kazi yake, na swali hilo lilimpata mahali pabaya. "Lipo kwenye kibandiko, chini ya kibodi. Blessing, binti anayechapa lebo, analitumia printa ikigoma."

"Nani mwingine?"

"Yeyote anayejua kuinua kibodi, afande. Jana wamepita madereva, kapita fundi wa mizani, kapita katibu kuchukua barua. Nimekosea. Lakini mchele sijauuza."

Paskalina alimwamini nusu. Alitoka nje, akampigia Riya aliyebaki Iringa.

"Fungua ile moduli ya wifi. Hiyo moja tu, kwenye hiyo kompyuta moja tu. Kwingine kote kubaki kumefungwa."

"Unamfungulia mlango?"

"Nataka kumwona akiingia."

Kisha akaandika ujumbe kwa viongozi wote wa ushirika na wasimamizi wa vituo, kwa lugha ya kiofisi isiyo na madoido: printa ya Iyunga imeleta shida baada ya zoezi la jana, kompyuta ya dirishani imerudishwa ilivyokuwa mpaka fundi atakapofika, namba mpya zitatoka leo alasiri kama kawaida. Alimwambia Clement akae naye mizanini, wasiachane hata kwa kwenda kujisaidia. Koplo Sifaeli, msaidizi wake, alivaa ovaroli la mafuta na kwenda kukaa na mafundi wa matairi upande wa pili wa uzio, mahali ambapo dirisha la ofisi linaonekana.

Baada ya chakula cha mchana, gari dogo la mizigo likaja likaegesha kwenye kivuli karibu na mafundi wa matairi. Matairi yake yalikuwa mazima. Dereva hakushuka. Paskalina aliona Sifaeli akiinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba, ishara waliyopatana.

Mzigo uliendelea kupimwa. Clement aliita uzito, vibarua wakabeba. Simu ya Paskalina ikatetemeka kiganjani.

"Imeamka," alisema Riya. "Kifaa kilekile, namba ya kiwandani ileile. Kimepokelewa."

Paskalina alimtazama Clement, aliyekuwa hatua moja kutoka kwake, mikono yote miwili kwenye mizani. "Baki hapa," alimwambia. "Sasa najua si wewe."

Alisukuma mlango wa ofisi. Blessing alikuwa amekaa kwenye kibodi ya kompyuta ya dirishani. Dirishani penyewe alisimama katibu Obeid, mtu wa makamo mwenye suti ya kahawia, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba, afande. Nimeona ujumbe wako, nikasema nipite niangalie hali."

"Kutoka Ubaruku?"

"Nilikuwa na shughuli mjini."

Paskalina alimgeukia msichana. "Ulikuwa unafanya nini, mdogo wangu?"

"Katibu kaniambia nifungue namba mpya nianze kuchapa."

"Umechomeka kitu chochote?"

"Hapana, afande."

"Kuna kifaa kimechomekwa kwenye kompyuta hii sasa hivi. Kitafute."

Blessing aliinama. Alitazama matundu ya mbele, akaufuata waya wa kibodi, akaufuata wa printa, akainua hata kipanya. "Sikioni."

"Usituigizie hapa," Obeid alisema kwa ukali. "Unakaa hapo kutwa, unalijua neno la siri. Umekichomeka huko nyuma ukadhani kadude ka ukucha hakataonekana. Afande, mchukue."

Paskalina aliweka simu mezani, Riya bado yuko hewani.

"Katibu, umekiona wewe?"

"Nimekusikia unasema."

"Nimesema kifaa. Sikusema kiko nyuma. Sikusema ni kadogo. Huyu anayekaa hapa kutwa hakujua pa kutazama. Ukubwa wa hicho kifaa naujua mimi, anaujua Riya, na anaujua aliyekitia mfukoni."

Obeid alikiweka kikombe kwenye kizingiti cha dirisha. "Nimebahatisha."

"Umebahatisha mahali na ukubwa kwa sentensi moja."

Mlango ulifunguliwa na Sifaeli, ovaroli likiwa na mafuta ya kweli sasa, amemshika mkono dereva wa lile gari. Kwa mkono mwingine alishika simu ya dereva, kioo kikiwa wazi. Namba za lebo zilikuwa bado zinaingia, mstari baada ya mstari.

"Kuna kifaa kimoja tu kimejiunga na simu yake," alisema Sifaeli. "Na aliyempigia mwisho kaandikwa Katibu."

Riya alisikika kutoka mezani. "Niifunge moduli, afande?"

"Funga."

Mistari ikasimama. Dereva alianza kusema kwamba yeye katumwa tu, mwenye mchele ni bosi wake, na Sifaeli akamwambia atayasema yote hayo kituoni akiwa amekaa. Obeid aliinyoosha suti yake.

"Kompyuta za ushirika huu nilizianzisha mimi," alisema. "Nilizijua kabla huyo mtoto wa duka hajazaliwa kwenye kazi hii. Wakamweka yeye, mimi wakaniachia barua na mihuri."

"Ndiyo maana ukakataa zisifungwe."

Obeid aligeukia dirisha.

"Na Zabron?"

"Flashi alikuwa nayo kweli."

"Ina nyimbo za kwaya yake, na hukumuuliza." Paskalina alizunguka meza, akainama nyuma ya kompyuta, akakichomoa kile kidude kwa kitambaa, akakitia kwenye bahasha ya ushahidi. Kilipotea kwenye kona ya bahasha kama punje. Kisha akamshika Blessing bega. "Nenda kanywe maji, mdogo wangu. Halafu urudi. Utaandika maelezo yako, na utaandika kila alichokuamuru."

Alimpigia mkuu wake akiwa bado ofisini, kwa makusudi, ili Obeid asikie.

"Mkuu. Nimekupatia mtu. Wawili, na kifaa chao, na kumbukumbu za mashine zilizotunzwa Iringa ambazo hakuna mtu Iyunga angeweza kuzifuta."

Mkuu aliuliza hapo hapo. "Zimetunzwa na nani? Tulipanga kuomba wataalamu kutoka Dar."

"Wataalamu tunao," alisema Paskalina. "Wako duka la Jayantilal."

* * *

Zabron aliachiwa Jumapili. Alirudi Ubaruku kwa gari la polisi, amekaa kiti cha mbele kwa amri ya Paskalina, mtu mwembamba wa makamo, koti lake limekunjamana kwa kulaliwa. Njia nzima kutoka Igawa alikuwa anaangalia majaruba ya mpunga, maji yanavyong'aa pande zote mbili za barabara.

Wanachama walikuwa wamejaa uwanja wa mashineni, wengine wametoka kanisani moja kwa moja na Biblia zao. Mwenyekiti wa ushirika, mama Bertha, mjane mwenye majaruba mengi kuliko wanaume wengi wa kijiji chake, alikuwa amemkalisha Riya kwenye kiti cha wageni, katikati ya wazee. Riya alikuja na baba yake. Mzee Jayantilal alishika mkongojo na kumweleza kila aliyemsalimia kwamba binti yake hajasomea Ulaya, kasomea hapa hapa.

"Mnamwona huyu?" mama Bertha aliuliza umati. "Tuliambiwa tungoje watu wa mbali waje watusafishie jina. Jina letu limesafishwa na mtoto wa Iringa na askari wa Iringa, kwenye kompyuta zetu, kwa waya wetu. Na milango yote aliyofunga haifunguliwi tena. Mwenye flashi yake akasikilizie nyumbani."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Paskalina alisimama pembeni karibu na gari, kofia kichwani, mgongo umenyooka. Walipomwita mbele alitikisa kichwa. Lakini walipompigia saluti ya utani watoto wa uwanjani, aliirudisha kamili, kama ya gwaride.

Kisha mama Bertha akamwendea Zabron, akampa funguo za ghala kwa mikono miwili. Vigelegele vikapaa. Watu walingoja aseme neno. Wengi wa waliokuwa pale walikuwa wameamini habari za flashi, na walijua kwamba anajua.

Zabron alizipokea funguo, akafungua ghala, akaingia.

Lori lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, tayari kupakia mzigo wa kwanza wenye lebo mpya. Viroba vilipangwa hadi karibu na dari. Zabron alivizunguka pole pole. Alichukua bambo kutoka ukutani, akachoma kiroba kimoja, akatoa punje, akatafuna. Akaenda cha pili. Cha tatu. Kwenye kiroba kimoja cha safu ya chini alitafuna, akasimama, akatafuna tena.

"Hiki kakishona nani?"

Alizitoa punje nyingine, akazibana kwa kucha.

"Mchele haujakauka."

"Zabron," alisema mzee mmoja kwa upole, "ni kimoja tu, ndugu yangu. Hata leo?"

"Hasa leo."

Alitoa kisu cha kufungulia, akakata uzi wa kiroba mbele ya wote, akabandua lebo na kumpelekea Riya. "Binti, ua hii namba."

Riya aliifungua laptop magotini. "Imekufa, baba."

Zabron alijitwika kiroba begani, akakitoa nje, akakimwaga kwenye turubai juani. Harufu ya mchele wa Usangu ikapanda uwanja mzima. Mama Bertha alivua viatu vyake vya kanisani, akapiga magoti, akaanza kuutandaza kwa viganja. Mwingine akamfuata, kisha mwingine.

Lori lilipopakiwa lilibaki na pengo la kiroba kimoja kwenye safu ya juu. Kibarua alitaka kuliziba kwa kiroba kutoka mzigo wa pili, ambao haujaonjwa bado. Zabron alimkataza, akamwambia dereva aondoke hivyo hivyo. Paskalina alipisha njia, na lori likapita mbele yake taratibu kuelekea Igawa.